Namba Nyuma ya Simu

Land Cruiser nyeupe ilikuwa bado nyuma yake.

Sindano alikata kona ya benki, akapenya uchochoro wa sokoni, akatokea barabara kuu. Yamaha ilinguruma. Akatupia jicho kioo cha pembeni. Land Cruiser ikachomoza tena, taratibu, haina papara hata kidogo.

Papara ya nini? Simu iliyokuwa mfukoni mwake ilikuwa inawaonyesha kila kona anayokata.

"Sindano, toa taarifa," redio ilikoroma sikioni.

"Ndugu Wawili wako nyuma yangu, Mkuu."

"Watoroke basi!"

"Siwatoroki. Nawaleta."

Ndugu Wawili walikuwa wauaji wa genge lililokuwa likiingiza silaha nchini ndani ya makontena ya vigae. Shahidi wa kwanza, dereva wa lori, walikuwa wameshamuua. Alikuwa amebaki mmoja tu: karani wa bandari, mama wa watoto wadogo, aliyefichwa ghorofani na familia yake. Kesho alikuwa apande kizimbani. Na leo asubuhi mumewe, bwana mwenye huruma iliyozidi akili, akaona kioo cha simu ya mkewe kimepasuka. Akaipeleka kwa fundi. Loo!

Sindano alipofika ghorofani aliikuta imesharudi, inameremeta. Akaigeuza. Nyuma fundi alikuwa amebandika kipande cha selotepu ya karatasi, kimeandikwa namba ya siri kwa kalamu.

"Shemeji, namba hii ulimpa wewe?"

"Si ndiyo utaratibu wao, dada? Atajaribuje kioo bila kuifungua?"

"Ungesimama pale pale, ukabonyeza namba mwenyewe. Umemwachia simu na namba, ukaenda zako?"

"Nilienda kunywa chai," mume alisema.

Karani alichungulia dirishani. Land Cruiser ilikuwa inaegesha chini. Aliwavuta watoto wake kifuani, akaanza kulia bila sauti.

Sindano hakumbembeleza. Alivaa koti la njano la karani na helmeti, akaichukua simu, akashuka kwa ngazi za nyuma. Wauaji waliona alama kwenye ramani yao inahama, wakaona na koti la njano juu ya pikipiki. Wakaifuata.

Sasa msongamano wa soko ulikuwa umewabana. Dakika chache zilimtosha Sindano kuingia dukani kwa fundi.

"Karibu dada," fundi alisema, tabasamu hadi masikioni. "Simu ina tatizo gani?"

"Ina mtu ndani."

Fundi aliona selotepu yake. Akarudi nyuma hatua moja.

"Dada yangu, mimi kioo tu..."

Sindano alishusha shata la chuma la duka, akaulaza mkono wa fundi mezani, akachukua chuma cha kulehemu kilichokuwa cha moto tayari. Ncha ikagusa kidole gumba. Fundi alipiga yowe, akamwaga kila kitu: programu aliyoipachika kwenye simu, na watu waliomtuma kwa simu tu, ambao hajawahi kuwaona hata sura, wala wao hawalijui duka lake.

"Na dereva wa lori? Yule uliyemtengenezea spika?"

"Sikujua watamuua! Dada, nina watoto!"

"Naye alikuwa nao. Niliwashika mikono makaburini."

Alimfunga pingu kwenye mguu wa meza, akaiweka simu ya karani pale asipoifikia, akaigeuza kompyuta yake, yenye ramani ile ile ya wauaji, imtazame. Kwenye ramani alama nyekundu ilikuwa imetulia. Fundi alilisoma jina la mtaa, kisha la duka. Ni lake.

"Dada! Usiniache! Dada!"

Sindano alitokea mlango wa nyuma, akaufunga, akavuka barabara. Kikosi cha polisi cha Mkuu kilikuwa kimejibanza nyuma ya lori la saruji.

Land Cruiser ikasimama. Ndugu Wawili wakashuka na bunduki zao, wakatazama simu yao, wakatazama shata.

"Tuwakamate?" Mkuu aliuliza redioni.

"Waache wafyatue risasi kwanza. Hakimu atataka ushahidi."

"Humo ndani kuna mtu anapiga kelele."

"Namsikia."

Ndugu Wawili walisikia sauti, lakini risasi zilikuwa zimeshaanza. Shata likatoboka toboka. Kelele zikakatika.

Kikosi kikawarukia. Wakalazwa kifudifudi, wakafungwa.

"Wote wawili tunao," Mkuu alisema, akachungulia ndani ya duka. "Fundi amekufa. Sindano, ungeweza kumtoa."

"Ningeweza."

Simu ya Sindano mwenyewe ikalia. Ni mume wa karani.

"Dada! Tumehamishwa salama, mama watoto amelala. Sijui nikushukuru vipi!"

"Kesho mpeleke mahakamani. Inatosha."

"Nitampeleka. Ila dada, simu yangu nayo spika inakwaruza. Yule fundi bado yuko wazi leo?"

Sindano aliyatazama matundu ya shata.

"Yuko wazi sana, shemeji," akasema. Akakata simu, akavua koti la njano, akaenda kuwasha pikipiki yake.