Tuta la Maua Mbele ya Nyumba Yetu

Mtaani kwetu, hapa Wisconsin, Marekani, kila nyumba ina nyasi fupi mbele. Yetu haina. Mama aling'oa nyasi zote akapanda maua ya porini, yale yaliyoota huku kabla ya nyumba kujengwa. Alinunua mche mmoja wa kila aina, akachomeka popote palipo wazi. Alizeti zikarefuka kando ya njia, zikaficha mengine yote.

"Darlene, siku hizi unafuga msitu?" majirani walimtania.

Jumatatu akaja mkaguzi wa mji.

"Haya ni magugu, mama. Ijumaa tunaleta mashine, tunafyeka."

"Leteni. Nyasi sirudishi," Mama akasema. Akaingia ndani, akaosha sahani moja muda mrefu.

Jioni akaja jirani yetu Bi Ozella, aliyewahi kutunza maua kwenye bustani ya mji. Alitazama, akacheka.

"Shoga, maua mazuri. Ila umeyapanga kama watu wanaogombania mlango."

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja na koleo. Miche mirefu weka nyuma, ukutani. Ya kati ifuate. Mifupi mbele. Tena usipande mmoja mmoja. Aina moja ikae pamoja, mitatu au mitano, jicho lipate pa kutua. Halafu hiyo ya rangi ya zambarau irudie na kule mwisho."

"Nitaitoa wapi mitano?"

"Kwangu imejaa. Tutagawa mashina, kila kipande na mizizi yake."

"Na pembeni je?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Hapo sasa. Panga matofali, mstari ulionyooka. Mtu akiona ukingo, anajua pana mwenyewe."

Tulihamisha miche jua likipoa, kila mmoja na udongo wake. Tulipunguza matawi, tukamwagilia sana. Alizeti zililegea, kisha zikainuka.

Ijumaa Mama alikuwa kazini. Nilisikia mashine ikishushwa. Nikatoka, nikakaa juu ya matofali.

"Binti, ondoka hapo," mkaguzi akasema.

"Siondoki. Sheria inakataza magugu. Nionyeshe gugu ni lipi."

Alitazama mbele, akatazama nyuma ukutani. Akanyoosha kidole kwenye ua moja, akakirudisha. Mwenye mashine akainama kwenye yale ya zambarau.

"Haya yanaitwaje? Mke wangu angeyapenda."

"Aje kwa Bi Ozella, atapewa shina," nikasema.

Mkaguzi akakohoa. "Rudisha mashine garini."

"Na mguu wako," nikamwambia. "Umekanyaga maua ya mstari wa mbele."

Akauinua, akaushusha njiani.