Salamu ni Deni, Kitambaa si Deni

Asubuhi mjini Isiolo haimngoji mtu. Malori yanaunguruma, mbuzi wanaswagwa kwenda sokoni, na wanawake wa maziwa wanashuka na vibuyu vyao. Kila mtu ana pa kwenda. Mwaka ule wa 1981, Raho tu ndiye aliyekuwa hana.

Raho alikuwa mke wa Samatar, mwenye lori moja la mizigo kati ya Isiolo na Garbatulla. Zamani Raho hakujua kuketi. Aliuza nguo sokoni, alikwenda kila harusi, na hakuna habari iliyopita mjini bila kupitia kwake kwanza. Kisha baridi yabisi ikamshika magoti na vidole. Viungo vilivimba na kuuma. Kufika langoni tu ilikuwa safari. Hospitalini walimpa dawa na kumwambia ukweli: ugonjwa huu hutulizwa, lakini hauondoki upesi.

Basi Samatar akiwa barabarani, na binti yao Habsa akiwa shuleni, nyumba ilinyamaza. Raho aliketi mkekani akitazama ukuta. Saa nne ya asubuhi ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Garbatulla.

Ndipo sauti ilipoita mlangoni.

"Salaam aleikum, Eddo."

Eddo ni shangazi kwa Kisomali. Aliyeita hivyo alikuwa Bile, mchuuzi wa nguo na vyombo. Bile hakuwa mpwa wa Raho, lakini mchuuzi mzuri ana shangazi kila mtaa.

"Wa aleikum salaam. Ingia, Bile. Habari ya Nairobi?"

"Huko kuna mambo, Eddo. Wacha nikae kwanza, nikwambie."

Naye alijua kusimulia. Alieleza harusi iliyovunjika, bei ya ngamia, na mzee aliyepotea Nanyuki akitafuta gari la kwenda Nanyuki. Raho alicheka mpaka akasahau magoti. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse mama mgonjwa aliyekaa peke yake. Kisha Bile alifungua mzigo wake.

Sasa utamwachaje mtu kama huyo? Amekutolea salamu, ameketi kwenye mkeka wako, amekuchekesha. Raho alilelewa kwamba anayekuja na salamu haondoki hivi hivi. Mkono wake uliingia chini ya mto, palipokuwa na pesa.

Jioni furaha ilikuwa imekwisha. Kitambaa kilikwenda sandukuni, juu ya vitambaa vingine. Kesho yake alikuja mchuuzi mwingine, maana wachuuzi huambiana mlango usiokataa. Chini ya kitanda zilijaa themosi ambazo hazijatolewa kwenye makaratasi yake, vikombe, mikeka na chupa za manukato.

Pesa zile chini ya mto hazikuwa za kuchezea. Kila safari Samatar alimwachia Raho za chakula, na nyingine za kuwekwa.

"Hizi ni za matairi," alimwambia kila mara. "Ya nyuma yameisha meno. Mvua ikinikuta nayo, nitapotea."

Raho aliitika na hakuwa na nia mbaya. Alichukua kidogo leo, kidogo kesho, akisema atarudisha. Lakini bandu bandu huisha gogo.

Novemba mawingu yalikusanyika. Samatar aliingia ndani haraka.

"Raho, lete pesa ya tairi."

Raho alimpa kile kilichobaki. Samatar alikihesabu.

"Hii hata tairi moja hainunui. Ingine iko wapi?"

Angeweza kusema mwizi aliingia. Alisema kweli. "Nimenunua vitu."

Samatar aliinama akatazama chini ya kitanda. Hakupiga kelele, na jambo hilo lilimuumiza Raho zaidi ya kelele.

"Basi nitaenda na haya haya," alisema. "Mzigo ya watu imeshapakiwa."

Alikwenda. Siku ya kurudi ilipita bila lori. Raho hakula. Kila injini aliyoisikia ilimfanya ainue kichwa. Mwishowe Samatar alirudi kwa lori la mtu mwingine, shati lote matope. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka kwenye mteremko wa lagga, ule mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha. Lori liliegemea ukingoni, likabaki kidogo tu lipinduke.

"Mungu ameniacha hai," Samatar alisema.

Raho alijifunika uso na kulia. Alikuwa karibu kumuua mume wake kwa themosi.

Asubuhi alikuja Nakaale, jirani yao. Nakaale alikuwa Mturkana, muuguzi hospitalini, na alizoea kupita kutazama magoti ya Raho. Siku hiyo alikuta vitu vyote vimetolewa na kumwagwa sakafuni.

"Habari, Mama Habsa. Umefungua duka?"

"Usinicheke, Sista. Nimefanya mbaya." Raho akamweleza yote.

Nakaale aliketi. Akachukua themosi moja.

"Hii umewahi kutia chai ndani?"

"Bado."

"Na hii kitambaa, umewahi kuvaa?"

"Nivae niende nayo wapi?"

"Sasa ulikuwa unanunua nini?"

"Nafikiri nilikuwa nanunua Bile," Raho alisema. Wote wawili wakacheka, ingawa mmoja alikuwa na machozi.

"Usione haya," Nakaale alisema. "Wagonjwa wengi wa kukaa nyumbani wanashikwa hivyo. Mwingine anakula bila njaa. Mwingine anagombana na kila mtu. Wewe unanunua. Kukaa bure kunauma kama goti. Ukinunua, unafurahi kidogo, halafu ile upweke inarudi, na pesa hairudi."

"Lakini nitafanya nini? Mtu akinitolea salamu siwezi kumfukuza. Kwetu hiyo ni aibu, na ni dhambi."

"Mimi sijui dini yenu kama wewe. Nauliza tu. Salamu, lazima ujibu?"

"Lazima. Hiyo ni deni."

"Na kitambaa, lazima ununue?"

Miaka yote hiyo Raho alikuwa ameyafunga mambo mawili kwa kamba moja, na hakuna aliyewahi kumwambia afanye hivyo.

"Hapana," alisema polepole. "Salamu ni deni. Kitambaa si deni."

Wakapanga namna ya kufanya, na Samatar akaitwa asikie. Pesa za matairi zisilale tena nyumbani. Samatar azipeleke benki ya Posta kila anaporudi, kabla hajavua viatu. Zibaki za chakula, na kiasi kidogo cha Raho mwenyewe. "Hiyo usimuulize," Nakaale alimwambia Samatar. "Mgonjwa pia ni mtu." Na kitu chochote kitakacholetwa mlangoni kingoje hadi Ijumaa. Ijumaa ikifika na Raho bado anakitaka, basi akinunue kwa pesa zake.

"Hiyo ni ya pesa," Nakaale alisema. "Imebaki ya saa nne, ukiwa peke yako. Upweke ni uvundo, Mama Habsa. Usipoweka watu hapa, wachuuzi watakaa."

Raho alitazama nje. Ng'ambo ya barabara wanawake Waborana walikuwa wameketi juani na vibuyu vya maziwa, wakingoja wanunuzi. Baraza ya Raho ilikuwa na kivuli, na ilikuwa tupu.

"Kiborana nakijua," alisema. "Habsa akitoka shule, nitamtuma awaite."

Mwanzo haukuwa mwepesi. Bile alirudi na shashi nyekundu, kitambaa cha kichwani cha rangi aliyoipenda Raho kuliko zote.

"Wa aleikum salaam," Raho alijibu. "Keti, Bile. Chai iko."

Bile alikunywa chai, akaeleza mambo ya Nairobi, akafungua shashi. Mkono wa Raho ulikwenda wenyewe chini ya mto, na kule haukukuta zile pesa za matairi.

"Ijumaa, inshallah," alisema, "kama bado naitaka."

"Ijumaa mtu atakuwa amechukua."

"Basi ilikuwa yake."

Bile alimtazama kama mtu aliyekuta mlango umehamishwa. "Eddo, nani amekufundisha maneno hii?"

"Magoti."

Ijumaa ilipofika, Raho alikuwa amesahau shashi yenyewe. Alishangaa, kwa sababu siku ile aliona kama hawezi kuishi bila hiyo. Wiki nyingine alianguka, akanunua vikombe ambavyo hakuvihitaji, kwa pesa zake kidogo. Alijichukia siku nzima.

"Ulipoanza kutembea hukuanguka?" Nakaale alimuuliza. "Anza tena kesho." Kisha akamwonyesha namna ya kuloweka vidole katika maji ya uvuguvugu na kuvikunja taratibu, kwa kuwa viungo visivyosogezwa kabisa huzidi kukaza.

Wanawake wa maziwa wakahamia barazani. Walipokwenda kununua sukari na majani ya chai, Raho aliwauzia maziwa akiwa ameketi papo hapo. Alibishana na wanunuzi kwa Kisomali, kwa Kiborana na kwa Kiswahili, na hakushindwa kwa hata kimoja. Wenye maziwa walimwachia bilauri yake ya maziwa kila siku. Habari za mji zikaanza kupita kwake tena. Maumivu hayakuisha, kuna asubuhi alizoshindwa hata kuinuka. Lakini siku hizo wanawake waliingia ndani wakakaa naye. Wachuuzi walipofika walijibiwa salamu vizuri na watu wengi kwa pamoja, wakapata chai, wakaendelea na safari yao.

Machi, baada ya miezi ya kuendesha kwa tairi la kuazima, Samatar alikwenda Posta kutoa akiba. Alirudi akivingirisha tairi jipya barabarani, mpaka barazani kwa Raho. La pili aliliacha kwenye lori.

"Nimeleta uone kwanza," alisema.

Raho alipitisha vidole vyake katika meno ya tairi, polepole, kama alivyozoea kupima vitambaa. Lilinukia mpira mpya.

"Ni nzuri," alisema. "Hii ndiyo ilifaa ninunue zamani."

"Umenunua. Mimi naendesha tu."

Aprili mvua ilimwagika kwa hasira. Samatar alikuwa Garbatulla. Raho aliomba Mungu, akauza maziwa, akaomba tena. Siku ile ile aliyosema atarudi, honi ililia mwisho wa barabara, ndefu, mpaka mbuzi wakakimbia. Wanawake walipiga vigelegele. Raho alishika nguzo ya baraza, akasimama kwa miguu yake mwenyewe.

Samatar alishuka akicheka. "Malori yamekwama lagga yote ile, Raho. Mimi nimepita kama maji. Wenzangu wameniuliza tairi hii nimepewa na nani."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni ya mke wangu."

Barabarani watu waliuzunguka mlango wa lori kushusha mizigo yao. Raho alibaki amesimama akiyatazama matairi yaliyojaa matope mekundu. Mwaka mzima hakuwa amevuka lango lake, lakini mali yake ilikwenda Garbatulla ikarudi, na ilimrudisha mume wake.