Mzizi wa Mjomba Kasiani

"Hodi wenyewe!"

Regina alishtuka, nusura amwage chungu. Mlangoni alisimama msichana asiyemjua, viatu vimejaa tope la Kinole.

"Shikamoo, mama. Naitwa Yasmin, mhudumu mpya wa afya ya jamii."

"Marahaba. Karibu."

Fidelis, mumewe Regina, aliinuka amsalimu mgeni. Akayumba, akashika ukuta.

"Usinidhanie mlevi, binti. Tangu juzi nyumba inazunguka."

Yasmin akampima presha. "Imeshuka mno, baba. Vidonge vya presha unameza?"

"Kila siku."

"Na kitu kingine?"

Regina akakisukuma chungu kwa mguu, nyuma ya kuni.

Mzizi uliomo Regina alipewa na mjomba wake, Kasiani. Ni dawa ya ukoo. Ukimtajia mtu wa nje, wazee husema, inakufa nguvu. Na ukimuudhi mjomba, nani atakusimamia?

"Mama, sitaki kuwaibia dawa," Yasmin alisema taratibu. "Iko mizizi inayoshusha presha. Vidonge navyo vinashusha. Vikikutana, mtu huanguka. Daktari asiyejua mgonjwa anakunywa nini, anatibu gizani."

Regina akaketi. Akainuka. Akachungulia nje, akaketi tena. Midomo ya Fidelis ilikuwa imepauka.

"Anakunywa huu," alisema mwishowe, akiuchomoa mzizi chunguni.

Walimpeleka zahanati saa ileile. Daktari alimkataza kuutumia mzizi, akavipanga vidonge upya. "Usiache wala usiongeze chochote bila kutuuliza," alionya.

Baada ya majuma machache Fidelis alipanda mlima na tenga la ndizi kichwani, akiimba kwa sauti yake mbaya.

Regina bado hakutulia. Alikuwa amemwahidi Yasmin kwamba atawaeleza wenzake wa jumuiya ya sala. Jumamosi, sala ilipokwisha, alisimama. Mjomba Kasiani alikuwa amekaa mbele kabisa.

"Nilimficha daktari dawa, nusura nimuue mume wangu. Mzizi wenyewe huu." Akauinua.

"Umetuvua nguo, mpwa wangu," mjomba alisema. Akachukua fimbo yake, akatoka bila kuaga.

Regina akabaki amesimama, machozi yakimlenga.

"Mwenzangu," jirani yake Esther akamnong'oneza, "mama yangu naye anauchemsha huohuo. Na vidonge anameza. Utanisindikiza naye zahanati kesho?"

"Kesho ya nini?" Regina akajifunga khanga. "Twende sasa."