Doa Kwenye Lenzi ya Baba

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alikuwa na kazi zake. Akishaoga na kunywa chai, alifagia chumba cha mbele ambacho baba yake alikigeuza studio ya picha. Alikung'uta pazia la kijivu linalotundikwa nyuma ya mteja, akafuta kigoda cha kukalia, kisha akapanga mezani kioo, kitana na poda. Jina lake halisi alilitumia mwalimu tu. Nyumbani na mtaani wote walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Kitu kimoja tu alikatazwa, nacho ni kugusa lenzi, kile kioo cha mbele ya kamera. Lenzi ya baba ilikuwa ya zamani, ya kulenga kwa kuizungusha kwa mkono, na baba aliyaringia macho yake kuliko kamera yenyewe. Ijumaa jioni aliifuta kwa kitambaa laini, akaiwekea kifuniko, basi. Asubuhi hakuikagua tena.

"Humu ndani tuko mimi na wewe," alizoea kumwambia binti yake. "Nimshuku nani?"

Jumamosi hiyo alitarajiwa mgeni wa maana. Mkunga aliyewazalisha akina mama wengi wa mtaa ule, mama yake Chiriku akiwemo, alikuwa amepandishwa cheo na kuwa mkunga mkuu. Picha yake ilitakiwa kutundikwa ukutani hospitalini pamoja na za wakuu wengine, na mchapaji aliihitaji kabla ya adhuhuri. Baba alikuwa ameshampa masharti: alale mapema, asivae nguo ya mistari, na asijipake mafuta usoni, la sivyo taa zingemfanya ang'ae kama sufuria mpya.

Balbu ya taa moja ilikuwa imeungua, kwa hiyo baba akatoka kwenda dukani. Chiriku akabaki peke yake na kamera. Yeye hakuwa amepewa masharti ya mafuta. Alikuwa amejipaka vizuri, uso, mikono na miguu, akajiona kwenye kioo kuwa amependeza. Akafungua kifuniko cha lenzi, akakaa kwenye kigoda, akaigeuza kamera imtazame. Alipotafuta kitufe cha kupigia, kidole gumba kikateleza kikatua katikati ya lenzi.

Alishtuka. Haraka haraka akaifuta kwa upindo wa gauni lake, na doa badala ya kutoka likatanda. Akasikia viatu vya baba barazani. Akarudisha kifuniko, akaiweka kamera mahali pake, akashika ufagio na kuanza kufagia sakafu iliyokwishafagiwa.

Mkunga aliingia amevaa koti jeupe lililonyooshwa mpaka likakaa kama ubao, nywele zimesukwa upya, na mikono haina pa kukaa.

"Mimi kazi yangu kuwatuliza wenye hofu," alisema akicheka. "Leo nani atanituliza mimi?"

Baba alimkalisha, akamwambia ashushe mabega na ainue kidevu kidogo. Akafungua kifuniko, akazungusha lenzi, akapiga. Akapiga tena na tena. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha zilionekana nzuri. Alipozifungua kwenye kompyuta, zote zilikuwa na ukungu, na uso wa mkunga ulionekana kama wa mtu aliyesimama nyuma ya mvuke wa chungu.

Baba akarudia kulenga, safari hii polepole, jicho amelikaza. Ukungu ule ule. Akajifuta jasho, akajaribu kwa mara nyingine. Chiriku alisimama kando ya pazia, kimya kama maji ya mtungini. Maneno yalimjia mpaka kwenye ulimi, lakini kila alipomtazama mkunga alimwonea haya, akayameza.

"Dada, unisamehe," baba alisema mwishoni. "Lenzi niliifuta mwenyewe jana, na hapa hakuna anayeigusa. Ni macho yangu. Mke wangu ameshaniambia nikapime, nikamcheka. Nenda kwa yule kijana mpiga picha wa njia panda, usije ukachelewa."

Mkunga alisema hakuna ubaya, mtu yeyote huchoka. Alichukua mkoba wake akatoka taratibu. Baba akakaa kwenye kigoda cha wateja, akayafikicha macho, kisha akaitia kamera kwenye mfuko wake na kuufunga.

"Iweke juu ya kabati, mwanangu," alisema. "Mtu asiyeona hawezi kuwapiga watu picha. Nitatafuta kazi nyingine."

Chiriku aliupokea ule mfuko. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Baba, siyo macho yako. Ni mimi. Niliishika lenzi kwa mikono yenye mafuta, nikaifuta kwa gauni."

Baba aliuchukua tena ule mfuko. Aliitoa kamera, akaenda nayo dirishani, akaielekeza lenzi kwenye mwanga. Doa lilikuwepo, pana, na alama za kidole gumba zikionekana pembeni. Aliliangalia kwa muda mrefu. Chiriku alingoja kugombezwa, na kwa vile hakugombezwa aibu ilizidi kumchoma.

"Nenda ukamwite mkunga," baba alisema. "Na umwambie mwenyewe kilichotokea. Mimi sikuagizi maneno."

Njia panda palikuwa karibu, lakini miguu ya Chiriku ilikuwa mizito. Kwenye studio ya yule kijana watu walikaa kwenye benchi wakisubiri zamu, na mkunga alikuwa katikati yao. Chiriku alisimama mbele yake huku macho ya watu wote yakimtazama. Siku zote alikuwa na maneno ya kumwaga. Leo aliyatafuta.

"Shikamoo. Baba yangu anaona vizuri. Mimi ndiye niliyeichafua lenzi, nikanyamaza mkamlaumu... akajilaumu. Naomba unisamehe, na naomba urudi."

Mtu mmoja kwenye benchi akaguna. Masikio ya Chiriku yakawaka moto, lakini hakukimbia. Mkunga alimtazama, kisha akainuka.

"Marahaba. Siku ya kwanza nilikupokea ukilia," alisema, "na leo umenijia unalia. Twende."

Baba alikuwa ameshafuta lenzi. Picha ya kwanza tu ilitoka safi, hata kikovu kidogo juu ya nyusi ya mkunga kikaonekana. Mkunga alicheka, akasema huyo ndiye yeye, akaondoka nayo kwa mchapaji kabla ya adhuhuri.

Walipobaki wawili, baba alimkalisha Chiriku kwenye kigoda.

"Kidole huteleza," alisema. "Changu pia kimeshateleza mara nyingi. Doa nimelifuta hata kabla hujafika njia panda. Lakini uliniona nikiyashuku macho yangu, nikaifunga kamera, nawe umesimama pale unajua. Hilo ndilo lililoniuma. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, hata kama unaona haya. Usimwachie mwenzio abebe kosa lako."

"Nimekosa, Baba."

"Nimekusamehe. Na macho nitakwenda kupima vilevile, mama yako asije akanisema."

Jumamosi iliyofuata, kabla ya mteja kukaa, baba aliipeleka kamera dirishani na kuikagua lenzi kwenye mwanga. Hakuwahi kufanya hivyo zamani. Chiriku aliona, akainamisha kichwa. Wiki iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na nyingine tena. Hakuuliza kwa nini, maana alijua. Aliendelea kukung'uta pazia, akanawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote, na siku alipovunja kitana alikwenda kusema papo hapo.

Hatimaye ilifika Jumamosi moja, mteja amekaa, taa zimewashwa. Baba alifungua kifuniko cha lenzi na kuanza kulenga. Hakwenda dirishani.