Hodi, Mwenye Nyumba

Shati la mumewe lilikuwa limepigwa pasi, na yeye hakulipiga. Lilining'inia kwenye mlango wa kabati, kola imesimama, mikono imenyooka kuliko alivyowahi kuinyoosha yeye tangu aolewe. Fundi mapazia akaliangalia, mkoba bado begani. Mumewe, fundi miwani, hajui hata pasi ndani ya nyumba inawekwa wapi. Alipomuuliza, mume akacheka, akasema asante mke wangu, leo umeniweza.

Hapo ndipo wivu ulipomwingia.

Na alikuwa na sababu ya kuwa na wivu, kwa maana kitu kikishakuwa chako ndipo unapoanza kuogopa kunyang'anywa. Jengo lile la katikati ya jiji lilijaa vijana wapangaji watupu. Kila mwisho wa mwezi magodoro yanashuka ngazi na magodoro mengine yanapanda, na jirani uliyemzoea leo, kesho mlango wake anafungua mwingine. Wao wawili walipanga ghorofa ya tatu kwa miaka, wakifuata masharti yote ya mzee mwenye nyumba, hakuna kupigilia msumari, hakuna kupaka rangi. Mzee alipoamua kwenda kuishi kwa wanawe, fundi mapazia akauza kiwanja alichoachiwa na marehemu mama yake, akainunua nyumba ile waliyoipanga, hati ikatoka kwa jina lake peke yake. Siku hiyo hiyo akapigilia msumari sebuleni, akatundika picha ya harusi, akasimama katikati ya chumba na nyundo mkononi.

"Hapa sasa ni kwangu," alisema kwa sauti. "Hakuna wa kunitoa."

Mumewe hakuwa na kinyongo, aliligeuza jambo hilo utani. Zamani, walipokuwa wapangaji, walizoea kubisha hodi hata nyumba ikiwa tupu, kwa sababu mama yake fundi mapazia alimlea hivyo, kwamba kwa watu hakuingiwi kimya kimya. Mke aliacha mara tu alipopewa hati. Angebishaje hodi kwake mwenyewe? Mume ndiye aliyeendelea. Kila jioni, kabla ya kutia ufunguo, anagonga mlango kwa kidole na kusema, "Hodi, mwenye nyumba," halafu anacheka peke yake. Alisema hivyo hata siku ambazo mkewe alikuwa bado dukani anakata vitambaa.

Msumari ulikuwa haukai. Kila asubuhi aliukuta sakafuni, picha imelazwa kifudifudi pembeni, na tundu la ukutani limezibwa laini kama halijawahi kuwapo. Akalaumu ukuta, akanunua msumari mrefu zaidi. Lakini pasi ukuta haipigi. Wala ukuta hauchemshi chai, na siku iliyofuata mume alimsifia chai ya jioni ambayo yeye hakuipika. Kisha akakuta unywele mrefu kwenye kitana chake, mrefu wa kufika kiunoni, unanuka chokaa mbichi.

Moja kwa moja akamfikiria Kidosho. Ndivyo walivyomwita msichana wa mapokezi hotelini aliyepanga ghorofa ya juu yao, mwenye nywele nyingi na kicheko cha kusikika ngazi nzima. Fundi mapazia alifunga duka mapema, jua bado lipo, akapanda kwake na unywele ule ameuzungusha kidoleni. Alimwambia yote aliyokuwa ameyapanga kichwani, kwamba yeye si mjinga, kwamba nyumba ni yake na mume ni wake, na kwamba akimwona tena chini atamtoa jengoni na godoro lake.

Kidosho alimshika mkono, akamvuta ndani, akafunga mlango taratibu.

"Dada, mimi nilidhani ni wewe," alinong'ona. "Mchana namsikia mwanamke anaimba huko chini. Shemeji akirudi, namsikia anampokea. Nikasema, wanapendana hawa." Akatazama sakafu. "Sasa wewe uko hapa. Sikiliza."

Wakasikiliza. Kutoka chini kulisikika kijiko kikigonga kikombe, kiti kikivutwa, mumewe akisimulia habari za mteja fulani mbishi kazini, na baada ya kila maneno machache kicheko cha mwanamke, na kile kicheko, ambacho fundi mapazia alikisikiliza huku wivu ukiwa bado haujamwachia nafasi ya kuogopa, kilikuwa na kale kamkwaruzo ka mwisho ambako watu wamekuwa wakimtania nako tangu utotoni, yaani kilikuwa kicheko chake yeye.

Akashuka ngazi mbio, akafungua mlango kwa ufunguo wake, na ndani akamkuta mumewe peke yake mezani mbele ya vikombe viwili vinavyofuka moshi, harufu ya chokaa imejaa chumba kizima kama ukuta umepakwa sasa hivi, na mumewe akamwangalia yeye, akaangalia mlango wa jikoni, akamwangalia tena, uso umejaa mshangao wa mtu asiye na hatia hata kidogo.

"Umetokaje nje?" aliuliza. "Si umeingia jikoni sasa hivi?"

Mganga aliyepatikana hakuwa mzee. Alikuwa kijana wa raba nyeupe, na yeye mpangaji, chumba chake kiko nyuma ya kibanda cha fundi simu. Kesho yake mchana alikuja, akasimama mlangoni, akabisha hodi na kungoja, ingawa fundi mapazia alikuwa kando yake akimwambia aingie tu. Akakaa ndani peke yake muda mrefu. Alipotoka jasho lilikuwa linamtiririka, na alimsogeza fundi mapazia mbali na mlango kabla ya kusema lolote.

Alimweleza kwamba mle ndani mna jini wa kike, aliyekuwapo pale kabla jengo halijajengwa. Wapangaji hawamsumbui, kwa kuwa wanakuja na kuondoka, na hodi zao za zamani zilimtosha. Aliyemuudhi ni yule aliyepigilia msumari na kutangaza kwamba hapa ni kwake. Lakini bwana yule alibaki na adabu. Kila jioni alimwita mwenye nyumba, na hakuna mwanaume mwingine aliyewahi kumwita hivyo. Basi akampenda.

"Anakuonea wivu, mama," alisema mganga kwa sauti ya chini. "Kumtoa siwezi. Ila bado ulimi wako unaweza kuwaokoa. Simama nje, mbishie hodi kwa jina analolitaka, useme wewe ni mgeni wake. Akikukaribisha, mtaishi kama zamani. Usichelewe."

"Nimwombe ruhusa kuingia kwangu?" Fundi mapazia alifoka. "Hawara anayenichukulia mume, mimi nimwite mwenye nyumba?"

Akamfukuza mganga. Akapigilia misumari ukuta mzima. Akamkataza mumewe kubisha hodi, na mume akakubali, maana siku hizo alikubali kila kitu, kwa upole na macho ya mbali. Aliacha kumpitia mkewe dukani. Alirudi nyumbani mapema zaidi na zaidi. Akizungumza chakulani, alizungumza na kiti kilichokuwa kitupu. Na mke, aliyekaa mbele yake, alijikuta anakionea wivu kiti, anaona wivu hadi machozi, lakini ile hodi aliyoambiwa abishe ikakataa kumtoka.

Mpaka asubuhi moja walipopishana koridoni. Mume akasimama pembeni kumpisha, akatabasamu kwa heshima.

"Samahani, dada," alisema. "Wewe unahama lini?"

Siku hiyo hakukata kitambaa hata kimoja. Jioni alipanda ngazi, akaacha ufunguo mkobani, akasimama mbele ya mlango alioununua kwa urithi wa mama yake, kiburi chote kimemwisha, amebaki na hofu ya kumkosa mume. Akagonga.

"Hodi, mwenye nyumba."

Harufu ya chokaa ikapenya chini ya mlango. Akarudia. Ndipo aliposikia ndala zake mwenyewe zikiburuzwa sakafuni, zikija, zikisimama upande wa pili, karibu kabisa.

"Nani?" iliuliza sauti yake mwenyewe.

"Ni mimi," alisema. "Mgeni wako."

Akangoja kukaribishwa. Badala yake alisikia komeo likisukumwa taratibu hadi mwisho, na kutoka mezani, mbali kidogo, mumewe akiuliza, "Nani huyo, mke wangu?"

"Mtu tu. Anatafuta chumba."

"Maskini," alisema mumewe. "Mwambie ajaribu huko chini. Kuna kijana nimemwona anashusha godoro."