Tabaka la Mapango

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na kila mara nimesema kilimpata binamu yangu Wilberth, mchoraji wa ramani za nyumba hapa Mérida. Watu husikiliza, hujikunyata, kisha huniuliza Wilberth yuko wapi siku hizi. Huwajibu kwamba alihamia Campeche. Ukweli ni kwamba sina binamu anayeitwa Wilberth. Mchoraji ni mimi, Landy Uicab, na nimechoka kumtwisha aibu yangu mtu ambaye hata hajazaliwa.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote. Ilikuwa Jumanne, jua kali, feni ya ofisini ikizunguka kivivu. Injinia Arsenio Medina, mwenye ofisi, alikuwa anajenga mtaa mpya wa nyumba arobaini upande wa kusini wa mji, na michoro yote ilikuwa juu yangu. Nje ya mlango wetu mama mmoja, doña Elsy Tzuc, alikuwa anauza chakula. Kwa miaka kumi na moja alikaa palepale na kikaango chake, akikaanga panucho, vimkate vya mahindi vilivyojazwa maharage, na kuvirundikia juu nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa achiote, kiungo chekundu. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa achiote hiyo siku zote, hata avisugue kwa ndimu. Moja ya zile nyumba arobaini, ya kiwanja cha thelathini na moja, ingekuwa yake. Hakuwahi kuwa na nyumba maishani mwake.

Ngoja nieleze kazi yangu, maana hapo ndipo nilipoharibu. Mchoro wa kwenye kompyuta si karatasi moja. Ni matabaka, kama vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: kuta zina tabaka lake, mabomba lake, nyaya lake. Kila tabaka lina alama ya balbu pembeni. Balbu ikiwaka, tabaka linaonekana. Ukiizima, tabaka halionekani, lakini halijaenda popote. Na kwa kuwa ardhi yetu ni chokaa iliyotobolewa na maji, huku hatuchori mtaa bila tabaka la MAPANGO. Wapimaji walikuwa wamepita na mashine zao, wakatuletea kila tundu lililo chini ya mtaa ule, nami nikayachora yote humo.

Kuzima na kuwasha matabaka kwa mkono kulinichosha, nikaandika skripti. Mistari kumi na miwili tu ya amri: zima kila kitu isipokuwa kuta, chapa picha safi ya kuwaonyesha wanunuzi, kisha washa vyote tena. Nilijivuna nayo kupita kiasi. Injinia aliniita mchawi, nami nikacheka.

Jumanne ile printa ilikwama. Nikabonyeza kitufe cha kukatisha, na skripti ikafia katikati, ikiwa imekwisha kuzima na haijaanza kuwasha. Nikasema si neno, nitawasha mwenyewe. Nikawasha mabomba, nyaya, miti. Doña Elsy akanigongea dirishani kwamba panucho zangu zinapoa, nikahifadhi mchoro nikatoka kula. Alasiri nikachapa karatasi za mafundi. Chini, kwenye kisanduku cha "Imechorwa na", nikaandika jina langu. Kisanduku cha pili, "Imekaguliwa na", kilibaki kitupu kama ilivyokuwa desturi yetu ya uvivu.

Wiki iliyofuata alikuja don Tiburcio Canul, msimamizi wa waashi, kofia mkononi. Alikuwa amegonga ardhi ya kiwanja cha thelathini na moja kwa mtaimbo na mlio wake haukumpendeza. Alitaka kazi isimame siku mbili ili aitwe mganga, aweke vibuyu vya uji wa mahindi na kuwaomba ruhusa wenye ardhi, wale wasioonekana, kama wanavyofanya waashi wote wa huku kabla ya kuchimba msingi. Injinia akasema siku mbili hana. Don Tiburcio akanigeukia mimi.

"Binti, mashine yako inasemaje? Pana mdomo pale chini?"

Nikamkunjulia karatasi. Ilikuwa safi.

"Hakuna kitu, don Tiburcio."

"Basi, kama wewe umesema." Akavaa kofia yake, akaenda kujenga.

Doña Elsy alihamia nyumba yake kabla ya Pasaka. Tangu siku hiyo alikataa katakata kuchukua malipo yangu. Aliniita mchoraji wake, akawaambia wateja wote, "Binti huyu ndiye aliyenichorea nyumba, mumheshimu." Nilikula panucho zake miezi minane kwa raha zangu.

Kisha siku moja nilifungua mchoro ule kutafuta bomba fulani, nikaona balbu moja imezimwa. MAPANGO. Nikaiwasha. Chini ya kiwanja cha thelathini na moja palikuwa na pango kubwa kuliko nyumba yenyewe, limejaa maji, na juu yake maneno ya mpimaji: paa jembamba, pasijengwe. Ukingo wake ulipita katikati ya jiko la doña Elsy.

Nilimsikia pale nje akimtania mteja. Zilikuwa hatua kumi tu kutoka kitini kwangu hadi kwake. Lakini niliona uso wake utakavyokuwa, nikaona wa Injinia, nikajiona mimi ninayejiita mtaalamu, na uso ukanichoma kwa aibu. Nikaizima ile balbu. Kosa la kwanza lilikuwa la haraka. Hili nililifanya taratibu, kwa kidole changu mwenyewe, macho yakitazama.

Asubuhi niliikuta inawaka.

Hakuna mwingine aliyekuwa akiugusa mchoro ule. Nikaizima. Baada ya chakula ilikuwa inawaka tena. Nikaandika skripti nyingine, ya mstari mmoja: kila mchoro unapofunguliwa, zima MAPANGO. Nikafungua. Balbu ikazimika. Nikahesabu hadi tatu. Ikawaka, na ukingo wa pango ulikuwa umesogea. Jana uliishia jikoni. Sasa ulifika chumba cha kulala.

Nikaamua kulifuta tabaka lote, liondoke na kila kilichomo. Kompyuta ikaniandikia kwamba haliwezi kufutwa, linatumika. Nikaficha mengine yote ili nione linatumiwa na nini. Ndani ya pango mlikuwa na kitu nisichokichora. Duara dogo jekundu, kiasi cha kichwa cha mtu. Lilikuwa chini ya mlango wa jiko. Nikafunga mchoro, nikafungua tena. Lilikuwa chini ya meza.

Mchana huohuo doña Elsy aliinama dirishani kwangu. Hakuwa na utani siku hiyo.

"Mwanangu, kuna mtu anasaga mahindi jikoni kwangu."

Nikamwambia labda ni jirani.

"Chini, mwanangu. Nikisaga, anasaga. Nikiacha, yeye anamalizia."

Jumamosi nilikwenda kwake, kwa sababu aliniomba na sikuwa na uso wa kukataa. Ilikuwa karibu saa sita mchana, jua limesimama utosini, hakuna kivuli popote. Aliniingiza sebuleni. Ukutani, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi, alikuwa ametundika ile picha safi ya wanunuzi. Aliitia kwenye fremu ya mbao na kuipitishia utepe. Kuta tu. Nilitamani nizame palepale, na nilipokwisha kuyasema hayo moyoni nikaogopa kwamba yatasikika.

Jikoni akapiga magoti mbele ya jiwe lake la kusagia. Akasaga mara tatu. Akaacha.

Chini yetu pakasagwa mara tatu.

Kutoka kwenye ufa wa vigae ikapanda hewa baridi yenye harufu ya jiwe bichi. Ikanigusa vifundo vya miguu. Doña Elsy hakusogea. Nami sikusogea. Sauti ikaja, ya chini sana, kwa Kimaya cha zamani, kile cha bibi yangu. Maneno matatu. Niliyaelewa.

"Anauliza nani aliyechora," doña Elsy akaninong'oneza. "Kila siku anauliza hivyo. Jina lako sijamtajia."

Nikamtazama. Vidole vyake vyekundu vilikuwa bado juu ya jiwe. Mwanamke yule alikuwa amekaa wiki nzima juu ya kitu kile, akinificha mimi.

"Niambie kweli, mwanangu. Pana kitu chini?"

Maneno yalikuwa mdomoni. Naapa yalikuwa mdomoni. Ningemshika mkono, tungetoka na nguo tulizovaa, na leo angekuwa anakaanga pale mlangoni. Nikawaza nitamwambia Jumatatu, ofisini, kwa utaratibu, Injinia akiwapo.

"Ni hewa kwenye mabomba, doña Elsy. Jumatatu nitakuletea fundi."

Akashusha pumzi. Sura yake ikalegea, akapendeza kama siku aliyokabidhiwa funguo.

"Basi, kama wewe umesema."

Akanifungia panucho nne niende nazo. Nilizila njiani.

Jumapili saa sita mchana jiko lilizama. Jirani alisema halikufanya kishindo, lilishuka kama ndoo kisimani. Wazamiaji walishuka siku tatu. Walisema maji yalikuwa maangavu hata unahesabu kokoto. Walilikuta jiwe la kusagia, sufuria, meza imesimama wima kwa miguu yake minne. Doña Elsy hawakumkuta.

Jumatano mkaguzi wa manispaa alikuja kuchukua karatasi za mafundi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nilikuwa nimeagana na mama yangu. Injinia akafungua kabati, mkaguzi akaikunjua karatasi ileile, yenye doa la kahawa ya don Tiburcio na pembe iliyochanika, akainama juu yake kwa muda mrefu.

Pango lilikuwapo. Kwa wino mweusi, limekauka zamani. Paa jembamba, pasijengwe.

Mkaguzi akaniangalia kwa upole, akasema nimefanya kazi yangu sawasawa, kosa ni la msimamizi asiyesoma. Injinia akaitikia haraka sana. Mkaguzi akagusa chini ya karatasi, kwenye kisanduku cha "Imekaguliwa na". Palikuwa na alama ya kidole gumba, nyekundu, mbichi bado.

"Mnakula juu ya michoro nyie?" akauliza, akaifuta kwa leso. Leso ilichafuka. Alama haikupungua.

Don Tiburcio walimnyang'anya kazi. Siku ya tisa ya kumwombea marehemu doña Elsy, mzee huyo alinifuata mbele ya watu wote, kofia mkononi, amekonda.

"Nisamehe, binti. Karatasi nilikuwa nayo mkononi na sikuona. Macho yangu yamemuua yule mama."

Watu walikuwa wanatutazama. Alikuwa ameushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na machozi yake yalikuwa ya moto.

"Usijali, don Tiburcio," nikasema. Hayo ndiyo niliyosema. Nimetenda mengi katika kisa hiki, lakini hilo ndilo linaloniamsha, na ndilo ambalo sikuwahi kuthubutu hata kumsingizia Wilberth.

Niliacha ofisi ile. Siku hizi nachora kwa penseli, makabati na viti, vitu visivyo na ardhi chini yake. Kila mchoro nauwekea visanduku viwili, mazoea tu, na cha pili nakiacha kitupu. Asubuhi nakikuta kimejazwa. Kidole gumba chekundu, kinanuka achiote. Kwa miaka sita doña Elsy amekagua kila nilichochora, na alama yake haijawahi kukauka. Nadhani huko aliko bado anaulizwa swali lile, na bado hajalitaja jina langu. Angelitaja, ningekuwa nimeshasikia kusagwa chini yangu.

Karatasi hizi nazituma leo kwa don Tiburcio, azipeleke popote apendapo. Ukingo wa pango ulikuwa kwenye tabaka langu, na tabaka nililizima mimi. Karatasi uliyoshika wewe ilikuwa safi, don Tiburcio. Macho yako hayana kosa. Jina langu nimeliandika kamili pale juu, mahali ambapo siku zote nilitaja la Wilberth.

Ni saa sita mchana. Nimetazama pembeni mwa ukurasa huu, chini, na alama ipo. Nimeigusa. Kwa mara ya kwanza imekauka.

Vigae vya jikoni kwangu vimeanza kupoa. Mtu anasaga.