Nguo ya Wastani

Kila asubuhi cherehani ndiyo iliyoamsha nyumba. Mama alishona sare za shule katika chumba cha mbele. Binti yake mkubwa, ambaye wote walimwita Dada, alikata vitambaa na kupiga pasi. Mdogo aliitwa Kifungo, kwa sababu alipokuwa akitambaa alimeza kifungo cha shati. Sasa alikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi.

"Mama," Kifungo alisema siku moja, begi mgongoni, "tumeambiwa tubaki shuleni jioni tujiandae na mtihani."

"Jioni nakuhitaji hapa." Mama hakuinua macho. "Mtihani huo ni wa watoto wa waliosoma. Mimi niliishia darasa la tatu. Wewe akili hiyo utaitoa wapi? Dada yako alijaribu, tukaona."

Dada aliinamia pasi.

Mwalimu wa hesabu alikuwa kwenye benchi, akisubiri zipu ya sketi yake. Alisikia yote.

"Mama Kifungo, usimkatie tamaa mtoto."

"Mwalimu, usinivishe kilemba cha ukoka. Si mlipita hapa mkituuliza wazazi tumesoma hadi wapi? Mlipata jibu gani?"

"Tulilinganisha elimu yenu na alama za watoto. Sikufichi. Kwa wastani, watoto wa wazazi waliosoma zaidi walipata alama za juu."

"Si ndiyo hayo ninayosema!"

"Subiri. Hizi sare ulizotundika, ulimpima nani?"

"Sikumpima mtu. Nimekata kwa wastani wa watoto wa umri huo."

"Zinamkaa kila mtoto?"

Mama alicheka. "Thubutu! Mmoja inambana, mwingine anaogelea ndani. Ndiyo maana tepu haitoki shingoni kwangu."

"Basi na jibu letu ni nguo ya wastani. Linahusu watoto wengi kwa pamoja. Halisemi Kifungo atapata ngapi. Wapo watoto wa wazazi wasiosoma waliowapita wengi. Tena mzazi aliyesoma mara nyingi ana vitabu nyumbani, na humuuliza mtoto habari za masomo. Kuuliza hata wewe unaweza."

"Niulize nini, na mimi sijui?"

"Mwambie, 'Nieleze.' Mtoto akimweleza asiyejua, huona mwenyewe alipokwama. Kisha mwache abaki jioni, atuulize sisi."

Tangu hapo Kifungo alibaki shuleni jioni. Akirudi, Mama alisimamisha cherehani.

"Haya, nieleze."

"Hii ni eksi, Mama. Tunatafuta thamani yake."

"Mbona mimi naona mkasi?"

Kifungo alicheka mpaka machozi. Kisha alieleza tena tangu mwanzo, na safari hii akagundua alipokosea.

Matokeo yalipotoka, alikuja mbio. Amefaulu! Mama alipiga magoti palepale, juu ya vipande vya nguo, akamshukuru Mungu. Alipoinuka alimwona Dada. Pasi ilikuwa mkononi mwake, imepoa.

"Namfurahia mdogo wangu," Dada alisema polepole. "Lakini Mama, mimi uliponiambia siwezi, nilikuamini."

Mama alikumbuka siku alipomwambia hivyo. Siku ile alidhani anamfariji. Akavuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Nisamehe, mwanangu. Nieleze. Ulikwama wapi?"

"Kwenye sehemu. Nusu na robo. Zilinishinda."

Mama akatazama meza. Kitambaa kilikuwa kimetandazwa, na chaki ya Dada imepita juu yake: nusu hapa, robo tatu pale. Kila siku Dada alikata hivyo, na nguo haikuharibika.

"Kesho jioni twende kwa mwalimu," Mama alisema. "Mimi na wewe."

"Nimechelewa, Mama."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuchelewesha. Twende hivyo hivyo."